William Banting na Waraka Wake juu ya Unene

Katika lugha ya Kiswidi kipo kitenzi cha kila siku, banta, ambacho maana yake ni kujizuia katika chakula kwa nia ya kupunguza mwili. Afrika ya Kusini nako, tangu kitokee mwaka wa 2013 kitabu cha mapishi kilichowashauri watu kuacha wanga na sukari, neno banting limeenea madukani na mikahawani, hata likabandikwa juu ya mikate isiyo na ngano. Maneno hayo mawili yana asili moja, nayo ni jina la mzee wa London ambaye hakuwa tabibu, wala mpishi, wala mwanachuoni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majeneza na kusimamia maziko.

Habari ya mzee huyo yastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake limo shauri ambalo halijakatwa hata leo. Mgonjwa asiye na elimu ya tiba akijipima mwenyewe, akaandika aliyoyaona, maneno yake yana uzito gani mbele ya wataalamu? Na chakula kilichomfaa yeye, chaweza kumfaa nani mwingine?

Nyumba ya Banting ilikuwa na duka lake katika mtaa wa St James's, si mbali na makao ya wafalme wa Uingereza, na heshima yake ilikuwa kubwa. Ndiyo iliyosimamia maziko ya Mfalme George III mwaka wa 1820, na ya Duke wa Wellington mwaka wa 1852, na ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka wa 1861. William Banting alizaliwa mwishoni mwa mwaka wa 1796, akaitumikia biashara hiyo kwa muda wa miaka hamsini. Alikuwa mtu wa utaratibu na hesabu, kama impasavyo mtu ambaye kazi yake haina siku ya pili ya kusahihisha kosa. Asili yake haikuwa ya watu wanene, na yeye mwenyewe alisisitiza kwamba hakuwa mvivu wala mlafi. Lakini alipopita umri wa miaka thelathini mwili ulianza kumzidi, naye akaanza kutafuta dawa.

Alitafuta kwa zaidi ya miaka thelathini mingine. Tabibu wa kwanza alimwambia afanye mazoezi ya mwili. Banting alikuwa akikaa karibu na mto, basi akatumia mashua nzito, akawa akipiga makasia saa mbili kila alfajiri. Misuli ikapata nguvu, na pamoja nayo ikapata nguvu njaa. Alipokula kwa kadiri ya njaa ile akazidi kunenepa, na tabibu yule yule akamwambia aache. Akapanda farasi. Akaenda kuoga bahari. Akasafiri mara nyingi kwenda kunywa maji ya chemchemi za Leamington, Cheltenham na Harrogate, ambako matajiri wa zama zile walikwenda kutafuta afya. Akameza dawa za kila namna. Akajaribu kula kidogo sana, akadhoofika, akatokwa na majipu. Akaingia katika hamamu za Kituruki mara hamsini, na faida aliyoipata ni kupungukiwa na ratili sita tu.

Hata ilipofika mwezi wa Agosti mwaka wa 1862, alipokuwa na umri wa miaka sitini na mitano, akielekea sitini na sita, kimo chake kilikuwa futi tano na inchi tano, na uzito wake ratili 202, yaani karibu kilo 92. Hakuweza kuinama akafunga kamba za viatu vyake. Aliposhuka ngazi alishuka kinyumenyume, polepole, ili kuyapunguzia magoti na vifundo vya miguu uzito wa mwili. Alikuwa na ngiri ya kitovu. Alijiepusha na mikutano na magari ya watu wote, kwa kuwa hakustahimili macho na maneno ya watu wenye kejeli. Hapa msomaji wa pwani yetu yafaa asite kidogo. Kwetu kumwambia mtu kwamba amenenepa kulikuwa, na mahali pengi bado ni, kumpongeza. Kitambi kilikuwa hati ya neema. Katika London ya Banting mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka, na mtu mnene alihesabiwa kuwa amejitakia mwenyewe.

Lililomfikisha Banting kwenye nafuu halikuwa unene, bali masikio. Alikuwa akipoteza uwezo wa kusikia, na tabibu aliyemzoea alikuwa amekwenda mapumziko. Akaenda kwa mwingine, William Harvey, mpasuaji na mjuzi wa maradhi ya masikio, ambaye hakuwa na uhusiano na yule Harvey wa kale aliyeeleza mzunguko wa damu ila jina. Harvey akamtazama, akasema kwamba mafuta ya mwili ndiyo yanayoyabana masikio. Akamwamuru aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Banting alistaajabu, na yeyote ajuaye alivyokuwa akila hatamlaumu. Chakula chake cha asubuhi kilikuwa mkate na maziwa, au chai yenye maziwa na sukari nyingi pamoja na mkate wa kuchoma uliopakwa siagi. Mchana alikula nyama, lakini pamoja na mkate mwingi na bia, na vitu vya unga vya kumalizia. Jioni chai kama ile ya asubuhi, na usiku andazi la matunda au tena mkate na maziwa. Katika amri moja tabibu alikuwa amemnyang'anya karibu kila kitu alichokiita chakula.

Alichopewa badala yake alikieleza kwa wakia, kama mtu atoaye hesabu ya mbao na misumari. Asubuhi, wakia nne au tano za nyama ya ng'ombe au ya kondoo, au figo, au samaki wa kuchoma, pamoja na kikombe kikubwa cha chai isiyo na maziwa wala sukari, na wakia moja ya mkate mkavu. Mchana, wakia tano au sita za samaki yeyote isipokuwa salmoni, au nyama yoyote isipokuwa ya nguruwe, na mboga yoyote isipokuwa viazi, na kuku au ndege wa mwituni, na tena wakia moja ya mkate mkavu. Alasiri, matunda kidogo na chai. Usiku, wakia tatu au nne za nyama au samaki. Mvinyo ulikuwa wa ruhusa: gilasi mbili au tatu mchana, moja au mbili usiku, na kabla ya kulala, kama akihitaji, kileo kikali kisichotiwa sukari. Mgonjwa alifungishwa mkate, hakufungishwa tembo! Sehemu hiyo ya utaratibu hakuna tabibu wa leo angeiandika, na Waislamu miongoni mwetu hawakuihitaji kuambiwa.

Lugha yetu yatusaidia kuona ukubwa wa mageuzi hayo kuliko Kiingereza alichokiandikia Banting mwenyewe. Sisi hutofautisha chakula na kitoweo. Chakula ni ugali, au wali, au ndizi, au muhogo. Kitoweo ni kile ambacho chakula huliwa nacho, na ndiyo maana mtu aliyekula nyama peke yake husema kwamba hajala, ameonja tu. Harvey alikigeuza kitoweo kuwa chakula, na chakula akakifanya kipande cha wakia moja kilichokauka. Kwa watu wengi wa dunia, kuanzia wapandao mpunga hata wapandao ngano na mahindi, shauri hilo si la kupunguza mlo bali ni la kuupindua.

Matokeo yake Banting aliyaandika katika orodha ya tarehe na uzito, na kwangu mimi orodha hiyo ndiyo kurasa bora katika waraka wake. Tarehe 26 Agosti 1862, ratili 202. Tarehe 7 Septemba, ratili 200. Mwishoni mwa mwaka alikuwa amefika 184. Hakupata maporomoko ya ghafla. Alishuka ratili mbili, au tatu, au nne, kila baada ya wiki tatu hivi, mpaka tarehe 12 Septemba 1863, ambapo mizani ilisema 156. Jumla alipoteza ratili 46, nazo ni kama kilo 21, na kiuno chake kikapungua zaidi ya inchi kumi na mbili. Ukizigawa ratili hizo kwa wiki, hata ratili moja kwa wiki haitimii. Katika muda huo akaacha kushuka ngazi kinyumenyume, akafunga viatu vyake kwa mkono wake, na masikio yakafunguka. Alisema pia kwamba hakupata kuona njaa. Alilolishika kwa nguvu kuliko yote ni kwamba kiasi cha chakula chaweza kuachiwa hamu ya mtu, bali aina ya chakula ndiyo ya kuchungwa.

Mwaka wa 1863 akapiga chapa, kwa gharama yake mwenyewe, kijitabu alichokiita waraka kwa watu wote juu ya unene, akakigawa bure. Nakala za kwanza elfu moja zikaisha, zikafuata nyingine, na chapa ya tatu, iliyotoka mwaka wa 1864, ikauzwa, faida yake akaitoa sadaka. Barua zikammiminikia kutoka kwa watu wasiomjua. Jina lake likafanywa kitenzi katika Kiingereza, likavuka bahari, na katika Kiswidi likabaki hata lilipokwisha kusahauliwa London.

Matabibu hawakufurahi. Gazeti la Lancet, ambalo lilikuwa na sauti kubwa kuliko yote katika fani hiyo, lilisema kwamba habari hizo si mpya, kisha likamshauri Banting na wengine wa namna yake waache kuingilia maandishi ya utabibu, washike shughuli zao wenyewe. Hoja hizo mbili hazikai vizuri katika chombo kimoja. Ikiwa habari zilikuwa za zamani na za kweli, kwa nini katika miaka thelathini ya kubisha milango ya matabibu mashuhuri mzee huyu hakuambiwa na yeyote? Na ikiwa si za kweli, kosa lake si kwamba mwandishi ni mtengeneza majeneza. Harvey naye alishambuliwa, akadaiwa aonyeshe elimu iliyo chini ya tiba yake. Ndipo mwaka wa 1872 alipotoa kitabu chake juu ya unene na uhusiano wake na maradhi.

Lakini katika jambo moja wapinzani wa Harvey walikuwa na haki, nalo ni kwamba sababu aliyoitoa haikusimama. Harvey alikuwa amekwenda Paris akamsikiliza Claude Bernard, mwanafiziolojia mkubwa wa Ufaransa, akifundisha juu ya ini. Kabla ya Bernard ilidhaniwa kwamba sukari yote iliyomo katika damu hutoka katika chakula. Yeye akamlisha mbwa nyama tupu, akaikuta sukari katika damu itokayo kwenye ini. Akajua kwamba ini halitoi nyongo tu bali hutengeneza sukari. Mwaka wa 1857 akakitenga kile kitu ambacho sukari hiyo huwekwa akiba ndani yake, yaani glaikojeni, ambayo twaweza kuiita wanga wa mnyama. Kutoka hapo Harvey akaenda hatua mbili. Alijua kwamba wagonjwa wa kisukari hupata nafuu wanyimwapo vitu vitamu na vya unga. Tabibu wa jeshi la Uingereza, John Rollo, alikwisha kuandika juu ya tiba hiyo mwaka wa 1797. Alijua pia kwamba wafugaji hunenepesha wanyama kwa nafaka. Akaunganisha hayo na ini la Bernard, akahukumu kwamba mtu mnene alishwe kama mgonjwa wa kisukari.

Twaona mara moja palipo na pengo. Jaribio la Bernard lilionyesha kwamba mwili hutengeneza sukari hata usipolishwa sukari. Halikuonyesha kwamba kuacha sukari humpunguza mtu. Harvey aliruka, na mguu wake ukaangukia pakavu. Tena alimweleza Banting kwamba vitu vyote alivyokatazwa vina wanga au sukari ndani yake, na siagi ilikuwa miongoni mwa vitu hivyo. Hali siagi ni mafuta, haina wanga. Mgonjwa akaponea katika utaratibu ambao nusu ya sababu zake zilikuwa na makosa. Wala si yeye wa kwanza kufika huko bila ramani. Jean Anthelme Brillat-Savarin, jaji wa Kifaransa aliyependa kula kuliko alivyopenda sheria, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1825 kwamba watu wanene aliowahoji mezani wote walikuwa wapenzi wa mkate, wali na viazi. Huo ulikuwa ushahidi wa mezani tu, lakini ulitoka kwa mtu mwenye macho.

Leo twaweza kusema zaidi kidogo. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya glaikojeni kama gramu mia nne au mia tano katika ini na misuli, na kila gramu hukaa pamoja na maji ya gramu tatu hivi. Mtu akiacha wanga kabisa, akiba hiyo huliwa katika siku chache, maji yake hutoka, na mizani hushuka kilo moja au mbili kabla mafuta hayajaguswa sana. Ndiyo sababu wengi waanzao utaratibu kama huu huona maajabu katika wiki ya kwanza, kisha hukata tamaa katika wiki ya nne. Banting hakuona maajabu hayo kwa kuwa hakuacha wanga wote: alikuwa na mkate wake mkavu, matunda yake na mvinyo wake. Kushuka kwake kulikuwa kwa mafuta tangu mwanzo, na kwa kiasi kikubwa kwatokana na jambo ambalo yeye mwenyewe alilikana, yaani kwamba alikuwa akila kidogo kuliko zamani. Nyama na samaki hushibisha upesi. Sukari, bia na maandazi huingia bila kuhesabiwa. Njaa haikumwambia kwamba amepunguza, basi akaamini kwamba hakupunguza.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa na mwenye kuanza. Banting hakuwa na kisukari. Mtu atumiaye insulini, au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, akiacha wanga ghafla bila tabibu wake kubadili kipimo cha dawa, sukari yaweza kushuka hata akazirai. Harvey hakulisema hilo kwa sababu insulini ilikuwa haijulikani. Ilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka wa 1922.

Tangu siku za Banting shauri lake limezikwa na kufufuliwa mara nyingi, na kila mara mfufuzi amelitangaza kama jipya. Mwaka wa 1882 Wilhelm Ebstein wa Göttingen aliliandika upya, akarudisha mafuta mezani kwa hoja kwamba mafuta hukinaisha. Mwaka wa 1928 Vilhjalmur Stefansson, msafiri aliyekaa miaka mingi na watu wa kaskazini ya mbali, alikubali yeye na mwenzake kula nyama tupu kwa mwaka mzima wakiangaliwa na matabibu wa New York, wakatoka salama. Ila Stefansson aliugua alipopewa nyama isiyo na mafuta, akapona mafuta yaliporudishwa. Mwaka wa 1972 Robert Atkins alitoa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, na mwaka uliofuata chama cha matabibu wa Marekani kikamkemea, kama vile Lancet ilivyomkemea Banting. Afrika ya Kusini kesi ya Profesa Tim Noakes, aliyeshtakiwa mbele ya baraza la matabibu kwa shauri alilompa mama mmoja juu ya chakula cha mtoto, ilianzia maneno ya mwaka wa 2014 na haikwisha mpaka mwaka wa 2018, rufani dhidi yake ilipotupwa.

Afrika ya Mashariki imo katika ugomvi huu, si kwa wasemaji wake bali kwa watu wake kupimwa. Mwaka wa 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao wa Wamaasai, walioishi kwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, walioishi kwa nafaka, viazi vitamu na kunde. Waliwakuta Wamaasai warefu na wazito zaidi, ingawa kila upande ulikuwa na maradhi yake. Mwaka wa 1964 George Mann na wenzake walitoa habari za Wamaasai wa Tanganyika, ambao juu ya wingi wa mafuta katika chakula chao walikuwa na kolestroli ya chini na dalili chache za maradhi ya moyo. Watetezi wa nyama hupenda kuwataja. Hawakumbuki sana kwamba maziwa, ambayo ndiyo yaliyokuwa nguzo ya chakula hicho, yana sukari ndani yake na yalikuwa katika orodha ya haramu ya Banting. Wala kwamba mchungaji wa Kimaasai hutembea kwa siku moja mwendo ambao mzee wa St James's labda asingeumaliza kwa mwezi.

Majaribio ya kulinganisha yaliyofanywa katika karne hii yamewapa pande zote mbili sehemu ya haki. Moja lililochapishwa mwaka wa 2003, la watu 63, liliona kwamba waliopunguza wanga walitangulia katika miezi sita ya kwanza, na mwaka ulipotimia tofauti haikuonekana tena kwa hakika. Kubwa zaidi ni lile la Christopher Gardner na wenzake wa Stanford, lililochapishwa mwaka wa 2018. Watu 609 waligawanywa, wengine wapunguze wanga na wengine wapunguze mafuta. Baada ya miezi kumi na miwili wa kwanza walikuwa wamepungua wastani wa kilo 6.0, na wa pili kilo 5.3, tofauti isiyo na maana katika hesabu. Lakini ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua zaidi ya kilo ishirini, na walikuwamo walioongezeka. Banting, basi, hakusema uongo juu ya mwili wake. Kosa, kama ni kosa, ni la wale waliosoma orodha ya mtu mmoja wakaifanya sheria ya watu wote, na kosa la upande wa pili ni kukataa kuisoma.

Lipo swali la pili, la nani awezaye kula hivyo. Jumlisha wakia za Banting: ni wakia kumi na mbili hadi kumi na tano za nyama na samaki kwa siku, mbali na kuku. Mwaka ule ule wa 1863 alipokuwa akigawa waraka wake, tabibu mwingine, Edward Smith, alikuwa akizunguka nchini Uingereza kwa amri ya serikali akihesabu vyakula vya maskini. Mwaka uliotangulia alikwisha kuwatembelea wafuma pamba wa Lancashire waliokosa kazi kwa sababu vita vya Marekani vilikata pamba. Alikuta nyumba ambazo mkate ndio mlo, na viazi ndivyo nyongeza, na chai yenye sukari ndiyo ya kuushushia. Nyama ilikuwa haba, na ilipopatikana aghalabu alipewa mume, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda kazini. Mke na watoto walibaki na mkate. Yale ambayo Harvey aliyaita sumu ya mtu mnene yalikuwa karibu ndiyo vyakula vyote walivyokuwa navyo. Banting, ambaye alikuwa mkarimu na faida yake aliitoa sadaka, hakuliandikia jambo hilo.

Kwetu pia wanga ni wa wengi na kitoweo ni cha wachache. (Neno hili wanga, kwa bahati, ni pia wingi wa mwanga, mchawi wa usiku, wapinzani wa ugali wasije wakaambiwa.) Mshahara ukipungua, kinachopungua mezani ni samaki, ugali huongezwa ili kuziba pengo. Kumwambia mama wa nyumba kama hiyo aanze utaratibu wa Banting ni kumwambia aongeze matumizi mara nyingi kuliko alivyo navyo. Hata hivyo orodha ya Harvey ina upande mwingine, ule wa vitu vya kuachwa. Sukari ya vijiko vitatu katika kikombe cha chai, soda, bia, maandazi na mkate mweupe wa dukani hununuliwa kwa fedha, na kuviacha hakuhitaji mfuko wa mzee wa St James's. Mchicha na dagaa hupatikana hata sokoni kwa watu wa kawaida. Na katika lile jaribio la mwaka wa 2018, ambamo hakuna aliyeambiwa ahesabu kiasi cha chakula, makundi yote mawili, la kupunguza wanga na la kupunguza mafuta, yalipewa agizo moja la pamoja: waache sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa, na wale mboga nyingi wawezavyo.